Mama Pindo na Shati la Mkono Mmoja

Marehemu mama yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, alizaliwa tarehe 4 Machi 1956, mtoto wa pili wa seremala na mkunga. Alimaliza darasa la saba mwaka 1971. Hapo akawa ameshawashonea sare wenzake wote, na akagundua kwamba kushona kunamnogea kuliko hesabu.

Alifungua duka la ushonaji nyuma ya kituo cha reli, chumba kimoja chenye dirisha la barabarani. Mwaka 1979 baba alipeleka suruali ipunguzwe kiuno. Akairudisha tena na tena, mpaka mama akamuuliza, "Wewe kaka, una shida ya kiuno au ya fundi?" Walioana Desemba, wakajaliwa watoto watatu.

Mama alipenda kula na hakuona haya kulisema. Lakini uzito ulimpanda hadi pumzi ikawa inakatika usingizini, sukari ikamwandama, na mwishowe tumbo likamzuia kuifikia cherehani. Hapo alilia. Alikuwa ameshona magauni ya harusi ya nusu ya mtaa, na la kitindamimba wake, mimi ninayewasomea haya, lilikuwa bado.

Mwaka 2012 daktari wa upasuaji alimweleza kwamba angepitisha vyombo kwenye matundu madogo, akate sehemu kubwa ya tumbo la chakula, libaki jembamba kama mkono wa shati.

"Mkono mrefu au mfupi, daktari?"

"Mrefu, mama. Tena mwembamba."

"Haya. Ila mshono ukifumuka, nakurudishia kazi yako."

Haukufumuka. Chakula chake sasa kilienea kwenye kisahani cha chai. Baba aliendelea kumjazia sahani kwa mapenzi, akaishia kuzimaliza mwenyewe, akanenepa yeye. Mama alimshonea daktari shati, akampa likiwa na mkono mmoja. "Wa pili utaupata siku ya harusi ya binti yangu," alimwambia. "Kwa hiyo nitunze nifike."

Mwaka 2014 aliketi kwenye cherehani yake, akanishonea gauni. Harusini alimvua daktari koti lililofunika shati lile mbele ya wageni, akaupachika mkono wa pili, kisha akacheza mpaka akavua viatu. Sijawahi kufurahi vile.

Aliugua homa ya mapafu kwa muda mfupi, akatuaga tarehe 9 Juni 2024, baba akiwa pembeni yake.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu sita, na daktari wake, yule pale safu ya pili. Shati limepauka, lakini mikono yote miwili ipo.

Mshono umeshika mpaka mwisho, mama. Pumzika kwa amani.