Mkaguzi Alipofika, Tulizima Mashine

Wazee wangu, shikamooni. Wadogo zangu wa ushirika huu, habari za asubuhi. Nikitetemeka mnivumilie; siku hizi ndivyo ninavyosema.

Nilikuwa nafagia pumba kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kule Puge. Mkanda wake ulikimbia wazi, hauna kinga, ukivuma karibu na viuno vyetu. Tuliuogopa. Tuliposikia mkaguzi wa serikali anakuja, tukasema tumepona.

Mnajua adabu zetu. Mgeni mkubwa hapokewi katikati ya kelele na vumbi. Tulizima mashine, tukapiga magoti, tukamwamkia. Akaitikia marahaba, akachungulia kutoka mlangoni, akaenda kula kuku kwa tajiri. Cheti kikabandikwa ukutani: mahali hapa ni salama. Mashine ikawashwa.

Haukupita mwezi, mkanda ukavuta kanga yangu. Ndugu zangu, nawaambia, mkono huu msiouona ulibaki kule.

Tajiri akauza mashine, akatoweka. Binti mmoja wa msaada wa kisheria akaniambia, "Mama, mkaguzi alitumwa na serikali. Tuishitaki."

"Mwanangu, unataka nikose na mkono wa pili?"

Jirani naye akanicheka. "Serikali haishitakiwi, wewe! Utalala ndani." Tangu hapo, pikipiki ikisimama mlangoni, nilijificha nyuma ya magunia nikidhani ni askari.

Kisha nikasikia mashine imewashwa tena. Mkanda uko wazi vilevile, cheti kiko ukutani, na mwanamke mwingine ameshika ufagio wangu. Nikamwogopea kuliko nilivyojiogopea. Nikamwita yule binti.

Mahakamani, hapa Tabora, wakili wa serikali aliniuliza, "Si ninyi wenyewe mliozima mashine?"

Nikaona nimekwisha.

"Tulizima, baba. Kwa heshima. Lakini yeye alikuja kukagua. Kwa nini hakusema tuwashe?"

Jaji akaniambia niketi, ninywe maji.

Ilichukua muda, hukumu ikatoka: serikali nayo inawajibika kwa ukaguzi ule, inifidie. Na mkanda ukafungwa kinga ya chuma.

Asanteni mama zangu mlionichana nywele na kunifunga kanga, bila kuniuliza nitapona lini. Asante binti yule, aliyenishika bega pale kizimbani.

Msingoje woga uishe ndipo mseme. Wangu haujaisha; nikisikia mashine ikiunguruma, bado natafuta ukuta wa kuegemea. Lakini juzi nilipita Puge. Yule mwenzangu aliniona kwa mbali, akaweka ufagio chini, akanipungia mikono yote miwili.