Turubai Huku, Viti Ng'ambo: Risala ya Wakazi Siku ya Kuwashwa Taa za Barabara ya Mzunguko

Mgeni rasmi, Alhamisi ya tarehe kumi na nne, mwezi wa pili, mwaka ule kabla barabara haijaanza kujengwa, mtaa huu ulifagiliwa kuliko siku yoyote tangu uitwe mtaa. Siku hiyo ndiyo tuliyoharibikiwa. Tutaeleza, lakini heshima kwanza.

Waheshimiwa wa baraza la jiji, wahandisi, mwenyekiti wetu wa mtaa, ndugu wakazi, shikamooni kwa wanaostahili shikamoo, na wengine hamjambo.

KUKARIBISHA

Waliotutangulia walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumepata wageni wengi kutoka ofisini kwenu na bado tunaumwa. Hata hivyo, karibu. Usishangae kutuona wachache, hatujagoma. Tuliobaki ndio hawa. Mwalimu aliyekuwa akituandikia risala amehama. Kinyozi aliyekuwa na sauti ya kusoma mbele za watu amehama. Nimebaki mimi, fundi magodoro, niliyeishia darasa la nne, kwa hiyo nitakapokwama mnisubiri kidogo, kama sisi tunavyosubiri malori yaishe.

Wenzangu wamenionya: "Mzee Pamba, kule mbele usituletee mimi, mimi. Sema sisi." Nitasema sisi. Pale ambapo kweli alikuwa mtu mmoja, nitasema "mkazi".

HISTORIA YA MTAA

Mtaa huu ulikuwa mmoja. Ulianzia pale nyuma yetu kwenye mtaro, ukapita hapa tulipo, ukaendelea mpaka kule ng'ambo kwenye ile nyumba yenye mlango wa bluu. Katikati palikuwa na njia ya vumbi ambayo kuku alikuwa anaivuka huku anafikiria mambo mengine.

Wazee walioujenga walikuwa wajanja. Walichanga wakanunua turubai moja kubwa na viti, vya kutumika kwenye shughuli na kwenye misiba. Halafu wakakataa kuviweka pamoja. Turubai likawekwa upande huu, kwenye karakana ya magodoro, maana ndipo pakavu. Viti vikawekwa upande ule, kwenye ghala la muuza mkaa. Mtu akiuliza kwa nini, anaambiwa: "Ili asiwepo wa kulia peke yake, wala wa kucheka peke yake." Ukifiwa upande huu, lazima uende ng'ambo kuomba viti. Ukioza binti upande ule, lazima uje huku kuomba turubai. Watu walikuwa wakinuniana miezi, kisha shughuli moja tu inawafanya wabebe viti pamoja. Huwezi kubeba mzigo na mtu usimsemeshe. Utamwambia angalau, "Inua kwako."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wetu. Haukuandikwa popote, na labda ndiyo maana hamkuuona.

SIKU YA KUFAGIA

Basi mwenyekiti wetu aliitwa ofisini. Akaambiwa wageni watakuja kuutazama mtaa, kwa sababu ya barabara mpya inayozunguka katikati ya jiji. Hakuambiwa wanakuja kufanya nini. Akarudi mbio, akapita nyumba hadi nyumba: "Jamani, wageni! Mikokoteni iondoke njiani. Watoto ndani. Mtu asizurure barabarani mbele ya wageni, tusije tukaonekana hatuna adabu."

Sisi ni watu wa adabu, mgeni rasmi. Tulitii.

Mkazi mmoja wa upande huu, ambaye ni marehemu mke wa msomaji wa risala hii, alitoka na fagio. Dada yake, anayekaa ule mlango wa bluu, alitoka na lake. Kila mmoja akafagia nusu yake mpaka wakakutana katikati.

"Leo mtaa unang'aa," akasema dada mtu. "Hata inzi atabisha hodi."

"We ondoka hapo, unakanyaga nilipofagia!"

"Nusu hii ni yangu, mama. Kakanyage kwako."

Wakacheka, kila mmoja akarudi kwake. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa siku hiyo kwa mtu yeyote kuikanyaga njia ile.

Wageni wakaja. Walikuwa vijana wawili wenye vibao vya kuandikia. Wakakaa kwenye kivuli cha ukuta, kutwa nzima, wanatazama njia. Sisi tukawatazama madirishani. Jua lilipokuwa kali mkazi yule akataka kuwapelekea maji, mwenyekiti akamkemea kwa mkono: rudi ndani, usiwasumbue. Mwenye haja ya kwenda dukani ng'ambo aliivumilia. Shoga alimkosa shoga. Jioni vijana wakasimama, wakapangusa suruali, mmoja akasema kwa sauti, "Mtaa mtulivu sana huu."

Tulifurahi! Tuliona tumesifiwa. Kinyozi alipita akijipiga kifua: "Mmesikia? Mtulivu!"

Kumbe walitumwa kuhesabu wanaovuka. Na sisi tulikuwa tumewafagilia hata nyayo.

Tulikuja kuambiwa kwenye mkutano, mashimo yakiwa yameshachimbwa. Mhandisi alisema vivuko vitajengwa panapopita watu wengi, na kwamba hapa hakuna wavukaji. Kinyozi akasimama: "Hesabuni leo! Leo tutavuka mpaka mchoke nyinyi!" Watu wakacheka. Mhandisi hakucheka. Akasema hesabu imefungwa.

Mgeni rasmi, sisi hatukusoma, lakini tunajiuliza. Kijana anakaa kutwa kwenye mtaa wenye nyumba zimebanana, mashati yamelowa kambani, sufuria zinatoa moshi, na haoni hata mtoto mmoja. Asiulize watu wako wapi? Na aliyemtuma, aliyekaa kwenye ubaridi wake akapokea karatasi inayosema hakuna mtu, naye asiulize? Sisi kosa letu lilikuwa adabu. Lenu lilikuwa nini?

MAFANIKIO

Tumeelekezwa kwamba risala lazima iwe na mafanikio. Tumeyatafuta.

Barabara ni nzuri. Haina shimo. Gari la wagonjwa linapita kwa kasi sana, ingawa haliwezi kusimama kwetu. Watoto wanazijua aina zote za magari kabla ya kujua kuhesabu. Na sasa kuna taa, tunashukuru. Zimejaribiwa wiki nzima, mwanga unaingia mpaka kitandani. Mtu aliyezoea kulala wawili, akalala mmoja, alikuwa anasaidiwa na giza asione upande wa pili wa godoro. Sasa anauona vizuri.

CHANGAMOTO

Mmejenga ukuta wa zege katikati ya barabara, unafika kifuani. Kijana anauruka, na tumeshaokota viatu vya vijana. Mzee haruki. Ukitaka kwenda ng'ambo, unapanda basi mpaka kwenye mzunguko wa soko kuu, unapanda daraja, unashuka, unangoja basi la kurudi upande wa pili, linakupitisha kwako unapaona, kisha linakushusha mbele sana, unarudi kwa miguu. Asubuhi imekwisha, na wewe umefika kwa jirani.

Wateja wa magodoro walikuwa ng'ambo. Godoro halipandi basi. Duka limefungwa, kibanda cha kinyozi sasa ni mahali pa madereva kujisaidia. Na magari yanayokimbia foleni ya barabara yenu yanakatiza uchochoroni, yanatupigia honi tukiwa kwenye vizingiti vyetu, kana kwamba sisi ndio tuliopotea njia.

Lakini hayo tungeyameza. Tunataka kusema la wale ndugu wawili wa mafagio.

Walizoea kuonana kila asubuhi. Ukuta ulipopanda, wakawa wanasimama kila mtu upande wake jioni, wanaitana. Huyu anapaza sauti, "Umekula?" Lori linapita na tela lake. Yule anasubiri mkia uishe, anajibu, "Nimekula! Wewe?" Linakuja jingine. Mazungumzo ya dakika moja yanamaliza koo. Baadaye sauti zikawashinda, wakabaki na mikono. Huyu anainua, yule anainua, wanaingia ndani. Huyu wa huku alipoanza kuumwa na kushindwa kusimama, mume wake akawa anatoka kumwinulia shemeji mkono. Shemeji akauliza kwa ishara: yuko wapi? Mume akaelekeza ndani, akalaza shavu kwenye kiganja. Amelala.

Hatusemi barabara ilimuua. Sisi si waongo. Maradhi ndiyo yaliyomuua. Barabara ilimfanya afe bila dada yake. Aliuliza asubuhi ile, "Dada amefika?" Akajibiwa, "Yuko njiani." Na ilikuwa kweli. Alikuwa kwenye basi, anazunguka. Magoti yake si ya madaraja. Alifika mtu ameshafunikwa.

Akasema, "Shemeji, viti." Maana yeye ni wa upande wa viti, na utaratibu ni utaratibu. Akarudi kuzunguka ili aende kuviomba.

Siku ya maziko turubai lilitandazwa hapa hapa. Viti vikatolewa ghalani kule, vikaletwa mpaka ukingoni mwa barabara. Hakuna dereva aliyekubali kuvizungusha. Basi watu wa ng'ambo wakavipanga safu safu, vikitutazama, wakakaa juani. Sisi tukakaa chini kwenye vumbi. Sisi tulikuwa na kivuli bila viti, wao walikuwa na viti bila kivuli, na katikati magari. Waliokuwa kwenye mabasi walidhani ni misiba miwili. Mmoja alichungulia dirishani akatuonea huruma: "Maskini, leo mtaa huu wamekufa wawili."

Jeneza lilipoinuliwa, wale wa ng'ambo wakasimama wote. Tuliwaona wakisimama. Ndivyo walivyomsindikiza, kwa kusimama.

MAOMBI

Mgeni rasmi, kiti ulichokalia kina mstari wa bluu mguuni. Tazama na vya wenzako. Ni rangi iliyobaki ule mlango ulipopakwa. Viti hivyo ni vyetu. Leo asubuhi lori la baraza lilikwenda ng'ambo likavipakia, likazunguka mpaka soko kuu, likavileta. Lilikuwa na nafasi, dereva alikuwepo, mafuta yalikuwepo. Na turubai lililokukinga na jua limetoka kwenye karakana ya msomaji. Tangu barabara hii ijengwe, leo ndiyo mara ya kwanza turubai na viti vimekutana. Vimekutana kwa ajili yako.

Asubuhi, viti vikishushwa, baadhi yetu walinong'ona: "Jamani, vikishafika, visirudi. Tubaki na vyote, tumalize udhia." Muuza vitumbua alisema hivyo, na hana ubaya, amechoka kukaa chini. Tulibishana hapa mpaka mlipofika. Tumekubaliana hivi: viti virudi ng'ambo leo hii, kwa lori lile lile. Tukivibakiza, tutakuwa tumekubali kwamba sisi ni mitaa miwili. Hatuombi viti. Tunaomba watu.

Kwa hiyo tunaomba ukuta ule utobolewe, pale panapotazamana na mlango wa bluu. Hatutaki daraja, magoti hayataki. Tunaomba uwazi wa upana wa jeneza na wanaolibeba kila upande, na taa ya kusimamisha magari. Taa mnazo nyingi, tumeziona.

Na tunaomba mje kuhesabu tena. Ila safari hii msituambie mnakuja.

KUHITIMISHA

Kijana wa itifaki ananionyesha saa. Namalizia.

Mungu akupe umri mrefu, akujalie ukiugua uuguzwe na walio karibu, na siku ukiita ndugu yako afike ungali unaita. Ni sisi, wakazi wa mtaa mmoja, upande wa turubai.

Kabla hujaja kubonyeza kitufe cha taa, mgeni rasmi, tunakuomba ugeuke nyuma kidogo. Ng'ambo, mbele ya ule mlango wa bluu, kuna mwanamke mtu mzima mwenye fimbo. Amesimama tangu gari lako lilipofika. Amesimama kwa sababu viti viko huku. Alikuwa mtu wa kuja kumkaribisha mgeni kabla yetu sote, na mkono ameshauinua, unauona. Anataka kuja kukusalimia, na akitoka hapo aende kwenye kaburi la mdogo wake, ambalo liko upande huu.

Apitie wapi?