Shangazi Sekunde na Maana ya Kipande

Ijumaa hii, tarehe 30, Shangazi Sekunde anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha mashati kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Siku zilizozidi hapo amekataa zisiandikwe. Amesema tukifika kwenye siku atalia, na yeye hataki kulia mbele ya wakataji, maana wale watamtania mpaka getini.

Aliingia akiwa mshona kola. Akawa msimamizi wa laini ya tatu ya cherehani, na miaka kumi na miwili ya mwisho amekuwa mpima kazi, yaani yule anayesimama nyuma ya mshonaji na saa ya kubonyeza, akiandika kazi imechukua dakika ngapi. Kazi hiyo haina marafiki. Ukisimamiwa mgongoni na saa, hata uzi unakukatikia. Lakini yeye tulimpenda. Alipima kila kitu: foleni ya chai, foleni ya choo, hata hotuba za meneja, ambaye tangu aonyeshwe dakika zake anaongea kwa kifupi, Mungu ambariki.

Mmoja wetu, siku yake ya kwanza kupimwa, alikuwa na mimba changa aliyoificha chini ya aproni. Akashona mkono wa kulia wa shati kwenye bega la kushoto. Shangazi aliitikisa saa, akaiweka sikioni, akasema, "Aa, imekwama hii. Anza upya mwanangu, taratibu." Ilipita miezi ndipo yule dada akaambiwa kwamba saa ile haijawahi kukwama hata siku moja.

Ni yeye pia aliyewatetea wanaonyonyesha, waliposemwa kwamba wanakula muda wa kazi. Hakugombana na mtu. Alipima wiki tatu, akaonyesha kwamba mama akitoka nusu saa kumwona mwanawe, anarudi moyo umetulia, na jioni mashati yake ni yale yale. Ndiyo maana leo tuna chumba cha kunyonyeshea, na wanetu wengi wamelala mle.

Lakini la mwaka juzi ndilo kubwa.

Wenye kiwanda hiki wana kingine ng'ambo ya mpaka, na kila mwaka hulinganisha kazi ya viwanda hivi viwili. Karatasi ya ulinganisho ilipobandikwa ubaoni tulisoma wenyewe. Mishahara yetu ilikuwa chini kuliko ya wenzetu, lakini kwa siku mshonaji mmoja wa kule alitoa vipande thelathini na viwili, na wa hapa kumi na vinne. Kwa hiyo, ingawa sisi tunalipwa kidogo, shati letu ndilo lililokuwa ghali. Chini yake palikuwa na mstari mmoja: laini ya tatu ifungwe mwisho wa mwezi. Ndio sisi, watu arobaini na wawili. Fundi wa cherehani alijaribu kutuchekesha, akasema kule labda wanazaliwa na mikono minne minne. Hakucheka mtu.

Mchana ule Shangazi aliacha chakula chake, akavaa miwani, akakaa kwenye cherehani, akashona mwenyewe bila kuinua kichwa, na msichana wa stoo akashika saa. Akapiga hesabu kwa mwendo ule ule mpaka jioni: mashati kumi na manane. Akasema mkono wa binadamu hauwezi kufika thelathini na mawili, hata ukiwa na njaa ya namna gani.

Akampigia simu mpima kazi mwenzake wa kule, akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: mwenzangu, kipande kwenu ni nini? Yule akashangaa. Kwao shati hushonwa katika vyumba viwili, kwa hiyo kiwiliwili ni kipande, kola na mikono ni kipande kingine. Kwetu kipande ni shati zima, limekwisha, linasubiri pasi. Kiswahili kimoja, fomu moja ya ulinganisho, neno moja, na kila upande ukaandika lake.

Fomu yetu alikuwa akiijaza yeye. Angeweza kuwasukumia wa ofisini. Alikwenda kwa meneja, kisha akasimama mbele yetu sote akasema kosa ni lake, amejaza miaka mitatu bila kuuliza. Halafu akaongeza jambo ambalo hatukutaka kulisikia: hata tukihesabu sawasawa, wenzetu wana mashati kumi na sita na sisi kumi na manne. Wametuzidi mawili, tusijidanganye.

Meneja akatuongezea miezi mitatu. Safari hii Shangazi hakupima mikono yetu, alipima miguu. Akaona kila mtu anakwenda stoo mara tisa kwa siku kufuata uzi, na mara nyingine kufuata vitambaa vilivyokatwa mwisho wa ukumbi. Akaomba makasha yahamishiwe ubavuni mwa cherehani. Basi. Hakuna aliyeambiwa akimbie. Mwezi wa kwanza tukafika kumi na tano, wa tatu kumi na sita na nusu, na ile nusu tuliishangilia kama harusi, maana laini haikufungwa tena.

Shangazi wetu, asante kwa kukubali kosa mbele ya watu uliowahi kuwafundisha kushika mkasi. Asante kwa kutuambia ukweli wa mashati mawili, tukiwa tumeshaanza kushangilia. Nenda ukapumzike, ulale hadi jua likutafute, na afya yako iwe njema na wajukuu wakuchoshe vizuri.

Jumatatu asubuhi kengele itapigwa, na laini ya tatu itawashwa. Tutakaa arobaini na wawili.