Ombi la Kufunguliwa Pazia la "Duka la Vyeo"

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya Bi. Delphine Arnoult; Mkuu wetu wa shule Bwana Peyrac; walimu, wazazi, na mpishi aliyeahidi kutotupikia dengu leo:

MAKARIBISHO
Sisi wanafunzi wa bweni la Montrevaux tunakukaribisha kwa heshima zote. Tumefagia hata nyuma ya makabati, mahali ambapo hutaonyeshwa.

HISTORIA FUPI
Mwaka huu tumetunga tamthilia, "Duka la Vyeo". Fundi cherehani anakodisha joho la hakimu, kanzu ya askofu na sare ya mkuu wa wilaya. Wauza samaki wanavaa, wanaheshimiwa kwa saa moja, wanalipa. Mwishowe hakimu wa kweli anabisha hodi: naye anataka kukodi. Bwana Peyrac alisema ni kali mno, ila akaruhusu.

MAFANIKIO
Sare ya mkuu wa wilaya tumeishona wenyewe. Tarehe nane Mei, sikukuu ya kukumbuka ushindi wa vita, mwenzetu Gaspard Thévenet alitoka mazoezini akiwa ameivaa, na masharubu ya gundi, akaenda kununua mkate. Kwenye mnara wa mashujaa mji mzima ulikuwa unamsubiri mkuu mpya wa wilaya, kwani ofisi yako ilikuwa haina mtu tangu majira ya baridi. Meya akampa mkono, kisha shada la maua. Gaspard akaliweka, akasimama kimya, jambo ambalo darasani halijawahi kumtokea.

CHANGAMOTO
Hapo Bibi Odette Vialle, mkazi mzee wa mji huu, akamshika mkono, akamweleza kuwa treni haisimami tena hapa, na hospitali iko mbali. Gaspard akanong'ona, "Bibi, mimi ni mwanafunzi tu."

"Najua, mjukuu wangu. Masharubu yako yananing'inia tangu wimbo wa taifa. Lakini wewe umesimama kunisikiliza."

Picha ikatoka gazetini. Bwana Peyrac amelipiga marufuku onyesho lililopangwa kufuata risala hii, na Gaspard huenda akafukuzwa kabla ya mtihani wa mwisho.

MAOMBI
Tunaomba Gaspard abaki. Tunaomba umsikilize Bibi Odette, aliyeketi mstari wa mbele. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba onyesho limefutwa.

Tunakutakia afya njema na kazi isiyokuchosha moyo.

Mwisho, Mheshimiwa, kwa desturi yetu mchezo hauanzi mpaka sakafu ya jukwaa igongwe mara tatu kwa fimbo. Bwana Peyrac ametukataza sisi kugonga. Wewe hajakukataza. Fimbo hii hapa, na nyuma ya pazia wote wameshavaa.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Bweni, Montrevaux