Sega Ndani ya Taya Langu

Bwana asifiwe! Asifiwe na ninyi mnaoiona sura yangu leo bila kitambaa!

Ndugu zangu, mimi ni mrina asali wa huku Uyui, nyuki wameniuma tangu utotoni. Kwa hiyo taya la kulia lilipoanza kuvimba, nani angeniambia kitu? Nikasema ni mwiba wa nyuki umebaki ndani. Nikasubiri. Wala hapakuuma, na hilo ndilo lililonidanganya! Uvimbe ulikua polepole, kama kiazi chini ya udongo, mwaka ukaisha, mwingine ukaingia. Magego yakalegea. Nikibonyeza, mfupa unabonyea na kulia kama ganda la yai. Hapo nikaogopa.

Nikaanza kujificha, kitambaa usoni. Kwaya nikaacha. Chakula nikala peke yangu nyuma ya nyumba, maana mate yalinitoka na sikutaka mke wangu anione. Akiniita, "Baba Neema, njoo tule," najibu nimeshiba. Nimeshiba nini, jamani! Nilikuwa nalia.

Ndiye yeye aliyenikokota hospitali. Tukaoneshwa picha ya eksirei. Ndugu zangu, niliduwaa: ndani ya taya langu kuna sega! Vyumba vyumba, vikubwa kwa vidogo. Wakakata kinyama wakapima. Daktari, binti mpole, akasema, "Baba, uvimbe huu umetokana na chembe zinazotengeneza meno. Si saratani ya kusambaa, lakini unakula mfupa. Tukikwangua tu, utarudi. Inabidi tuondoe kipande cha taya."

Nikakataa! Nikasema heri nife na uso wangu.

Mke wangu akanigeukia. "Uso upi? Huu unaonificha nisiuone?"

Nikanywea. Nikamwambia daktari, haya, kata.

Dawa ya usingizi iliponiingia, nilijikuta kwenye msitu wa miyombo, asubuhi, moshi mwembamba unaelea. Wapagazi wa zamani wakapita, wale babu zetu wa njia ya pwani, wamejitwika mizigo, nyayo zao hazitoi sauti. Mmoja akasimama, akanishika taya, akautoa ule uvimbe taratibu, akajitwika, akafuata wenzake kuelekea Tura, upande wa pwani. Nyuki walivuma mbali, mbali sana. Moyo wangu ukawa mwepesi. Semeni ni dawa. Mimi nasema Yesu alinitumia mpagazi!

Nilizinduka na bamba la chuma mahali pa mfupa. Nikanywa uji kwa mrija hadi nikauchukia. Siku ya kwanza ya ugali laini, nikabeba sahani kwenda nyuma ya nyumba, mazoea tu. Mke wangu akaninyang'anya. Akanitazama, akacheka mpaka machozi.

"Umepinda kidogo, Baba Neema. Kaa hapa."

Nikakaa. Asante Yesu!

Ndugu yangu mwenye uvimbe usiouma, usingoje uume. Mwamini Bwana, kisha twende hospitali, nitakusindikiza mwenyewe. Na ukirudi nyumbani, usile peke yako.