Shule Iliyoanzia Ghalani

Benchi lilikuwa nje ya kibanda cha kinyozi, na Chaki alikuwa amelikalia tangu asubuhi, mgongo ukimuuma. Jina hilo alilipata kwa miaka thelathini na minne ya kufundisha. Redio ilikuwa imetangaza kwamba shule za bure zimetimiza nusu karne, basi wenzake hawakumpa nafasi ya kunywa kahawa kwa amani.

— Jeshi ndilo lililozianzisha, alisema Wembe, kinyozi. Askari walikuwa hawajui kusoma. Ukiwaandikia “rudini”, wao wanasonga mbele!

— Acha fiksi! alidakia Sindano, fundi cherehani. Ni sisi mafundi. Kila mtoto sare mbili. Mtaka cha mvunguni lazima ashonewe!

— Methali gani hiyo?

— Ya mvunguni.

— Basi sikia ukweli, alirudi Wembe. Waziri wa elimu alikuwa na watoto kumi na mmoja. Mkewe akachoka na kelele, akasema: wote shule, na wa jirani pia! Kila akijifungua, madarasa yanaongezeka.

Chaki alishusha pumzi.

— Jamani. Shule yetu ya hapa ilianzia kwenye ghala la nafaka, kule chini. Tulikuwa walimu wawili, watoto mia moja arobaini na watatu wamekaa juu ya magunia. Mwaka wa pili walifika mia tatu, tukagawa zamu, asubuhi na mchana. Baba zenu wakafyatua matofali, mama zenu wakasomba maji. Darasa moja, la pili, mpaka sekondari. Hakuna aliyeileta. Ilibebwa kichwani.

Hapo akasimama mbele yao mama mmoja, amemshika binti yake mkono.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Nimehamia juzi. Huyu anaanza darasa la kwanza. Hiyo shule mnayoisifu, wajukuu zenu wanasoma hapo?

Wembe aliukagua wembe wake. Sindano akakumbuka uzi mfukoni. Chaki mwenyewe, asubuhi ile ile, alikuwa amempandisha mjukuu wake kwenye basi la shule ya kulipia. Alijua idadi ya matofali katika kila darasa kule chini, lakini sasa aliinamia kikombe chake cha kahawa.

Mama akamvuta binti karibu.

— Basi nielekezeni njia tu.

Hilo waliliweza. Wote watatu, kwa mkupuo mmoja.