Mama Bonde, Diwani wa Maji

Ndugu yangu, nakuomba hata kabla ya salamu: soma peke yako, na ukimaliza usimsimulie mtu, hata yule unayemwamini, kwa sababu naye ana mtu anayemwamini. Wasifu uliochapwa kwenye programu ya sherehe ya kumuaga Mama Bonde niliuandika mimi pia, nao hauna uongo. Ila umekatwa. Naibu mkurugenzi aliusoma akiwa amesimama nyuma ya kiti changu, akaniwekea mkono begani, akasema, "Umeandika vizuri sana, kijana. Bonde tu, liache lipumzike." Huu hapa ndio wasifu wenye bonde ndani yake. Nimewapa wachache, wale waliowahi kutembea naye.

Mama Bonde, Mkuu wa Mipango ya Kanda, anastaafu Ijumaa hii, mwisho wa mwezi, baada ya kuitumikia idara yetu kwa miaka thelathini na minne.

Alianza akiwa msichana wa kuhesabu magari. Alikalishwa kwenye kigoda njia panda, kazi yake kupiga alama kila gari linapopita. Jioni ya kwanza alimpelekea msimamizi wake hesabu ya magari, pamoja na hesabu nyingine ambayo hakutumwa: ya watu waendao kwa miguu. Watu walikuwa wengi kuliko magari, tena kwa mbali. Msimamizi akamuuliza ni nani aliyemwambia ahesabu watu. "Kwani barabara ni ya nani, mzee?" akajibu. Inasemekana mzee yule alicheka mpaka akavua miwani, na haukupita mwezi akamhamisha kutoka kigodani hadi kitini, ndani ya ofisi.

Kazi ya mpangaji wa kanda ni ngumu kuieleza mbele ya wakwe. Daktari anatibu, mwalimu anafundisha, mpangaji anafanya nini? Mama Bonde alikuwa anatuambia kwamba kazi yetu ni kuutazama mji pamoja na vijiji vinavyouzunguka, kisha kujiuliza: miaka thelathini ijayo watu watalala wapi, watafanya kazi wapi, watapanda nini kufika huko, chakula na maji vitatoka wapi, na wale ambao hawajazaliwa watakuta nini kimebaki. Mumewe, fundi cherehani mwenye mdomo mwepesi, hutuambia kila tukiwatembelea, "Mke wangu anajua mji utakavyokuwa wajukuu wakizeeka. Lakini hajui kama chumvi imeisha leo." Naye hujibu bila kuinua kichwa, "Chumvi ni mpango wa muda mfupi. Hiyo ni idara yako."

Ni yeye aliyekataa soko kuu lisihamishiwe nje ya mji, mbali na stendi, akisema mama muuza mboga atakula nauli badala ya faida. Ni yeye aliyeisukuma barabara ya mzunguko ikapita kando ya mashamba badala ya katikati yake. "Mji unaokula mashamba yake," aliwaambia wakubwa, "kesho utakula nini, lami?"

Na ni yeye aliyetuwekea sheria ya idara: hakuna rangi bila miguu. Kwenye ramani zetu, rangi ya machungwa ni makazi, zambarau ni viwanda, kijani ni ardhi isiyojengwa. Mama Bonde hakumruhusu mtu kupaka rangi mahali ambapo hajapakanyaga, tena wakati wa mvua, kwa viatu vya mpira. Wengi wenu mnamkumbuka yule mhandisi mshauri aliyekuja na suti ya kijivu akatuambia kwamba kutoka kituo cha basi hadi hospitali mpya ni mwendo mfupi tu. Mama Bonde alimkabidhi mfuko wa unga, akamwambia aubebe kama mtoto mgonjwa, wakaanza kutembea. Katikati ya kilima mhandisi alikaa juu ya jiwe akaulizia pikipiki. "Simama, mwanangu," alimwambia kwa upole. "Mwenye mtoto anayetapika hana jiwe la kukalia." Leo kituo kipo mlangoni mwa hospitali, na mhandisi yule bado humpigia simu akimwita mama.

Lakini jina lake limetokana na bonde, na hapa ndipo ninapotazama mlango kila baada ya sentensi.

Bonde lile lililo kati ya mtaa wa zamani na barabara kuu mpya linaonekana kama kiwanja kilichosahauliwa. Nyasi, matete, mbuzi wachache. Kila mkurugenzi mpya aliuliza kwa nini ardhi nzuri hivyo, iliyo karibu na mji hivyo, imeachwa kijani. Kila mara Mama Bonde alisimama akasema yale yale: maji ya vilima vyote vya kanda hupita pale yakikasirika, na mji unaokua bila kuyaachia njia unajichimbia kaburi. Diwani mmoja alimkejeli kikaoni, "Mama, hayo maji yamekuchagua wewe?" Akamjibu, "Maji hayana diwani, mheshimiwa. Kwa hiyo mimi ndiye diwani wa maji." Ukumbi ukacheka. Bonde likabaki kijani.

Miaka kadhaa baadaye ikaja ile mvua kubwa. Maji yalijaa kutoka ukingo hadi ukingo, yakanguruma kama lori lisilozimwa, kisha yakaenda zao. Hakufa mtu, kwa sababu hakukuwa na mtu anayeishi mle. Gazeti halikuandika hata neno. Mama Bonde husema hiyo ndiyo kazi bora aliyowahi kuifanya: habari ambayo haikuandikwa. Ndiyo maana Ijumaa hamtaona picha ya kazi hiyo ukutani. Ni vigumu kupiga picha ya watu ambao hawakuzama.

Sasa hofu. Tangu itangazwe kwamba makutano ya barabara kuu yatajengwa karibu na bonde, mawe ya mipaka yaliyopakwa chokaa yameota kwenye nyasi kama uyoga, na hakuna anayesema nani ameyapanda. Mchoraji mwenzangu aliyeuliza kwa sauti alihamishwa kabla chai yake haijapoa. Ofisini tunaongea kwa macho. Dereva wetu, ambaye kwa kawaida hana siri, aliniambia tukinawa mikono, "Mdogo wangu, jifunze kutoona. Macho hayana pensheni."

Ramani mama ya Mpango wa Kanda inafunguliwa na watu wawili tu: Mama Bonde, na mimi karani wake wa ramani. Ijumaa jioni atabaki mmoja. Naibu mkurugenzi hakuzunguka mbuyu. "Jumatatu asubuhi," alisema huku akitabasamu, "bonde lile ulifanye la machungwa. Ni rangi tu, kijana, si bunduki." Juzi mtu nisiyemjua alinunua nyanya kwa mama yangu mzazi sokoni, akamwachia chenji, akamwomba anisalimie. Alinitaja kwa jina la utotoni, jina ambalo halijawahi kutoka nje ya nyumba yetu.

Nilimweleza Mama Bonde yote. Nilitarajia aniambie nisiogope. Badala yake alivaa viatu vyake vya mpira, akanitupia jozi nyingine, tukaenda bondeni.

Kule tulimkuta dada mmoja akichota maji kwa ndoo kutoka kwenye msingi wa nyumba uliochimbwa karibuni. Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Maji yalikuwa yanapanda yenyewe kutoka ardhini. Dada yule alifurahi kupata wageni. "Karibuni, karibuni! Hapa sebule, pale jiko. Haya maji yasiwatishe, fundi kasema tukimwaga zege yatakata tamaa yenyewe." Mama Bonde akamuuliza watoto watalala upande gani. Akaonyesha upande wa chini, unaotazama mkondo. "Huku kuna ubaridi mzuri, mama. Watalala kama wafalme."

Mama Bonde alichuchumaa ukingoni mwa msingi akamweleza ukweli wote, taratibu, kama daktari mwenye majibu mabaya. Dada yule hakukasirika. Alijifuta mkono, akatoa simu. "Mama, sisi hatukununua kwa kubahatisha. Ramani yenyewe tulionyeshwa." Kwenye kioo cha simu bonde lilikuwa la machungwa, na kwenye kona ya chini, mahali pa jina la mchoraji, palikuwa na jina langu kamili. Ramani ile sijawahi kuichora.

"Huyu mchoraji," aliuliza, "ni mtu wa kuaminika?"

Mama Bonde aliniachia nijibu. Nikasema, "Ni mimi, dada. Na ramani hii si yangu."

Aliweka ndoo chini. Alitazama sebule yake, akatazama upande wa watoto. "Basi kaseme hayo mbele ya wakubwa zako," akasema, "maana mimi nikisema nitaambiwa nimeghairi nataka kurudishiwa hela. Na nyumba ikiezekwa tu tunahamia, na jirani zangu pia. Hatuna pengine."

Tukirudi nilimuuliza Mama Bonde kama yeye haogopi. "Unadhani nimewezaje kutazama miaka thelathini mbele?" akasema. "Kwa kuogopa, mwanangu. Asiyeogopa hapangi." Kisha akacheka peke yake njiani, akaongeza kwamba kuanzia Ijumaa jioni yeye ni mwananchi wa kawaida, na mwananchi hana bosi.

Jumatano ijayo, katika ukumbi wa halmashauri, ni kikao cha wananchi cha kutoa maoni juu ya Mpango wa Kanda. Baada ya hapo mpango unapigwa muhuri, na rangi itakayokuwemo siku hiyo ndiyo itakayojengwa. Mama Bonde atasimama kusema, lakini maneno yameshaanza kusambazwa kwamba ni bibi aliyenuna kwa kustaafishwa. Peke yake hatoshi. Wanahitajika watumishi walio kazini, waliolikanyaga bonde kwa miguu yao, waseme wazi kwamba ramani ya machungwa haikutoka mezani kwetu. Mimi nitasema. Jumatatu sitaipaka rangi ile, na Jumanne sijui kama nitakuwa bado na meza. Ninajua tu kwamba jina langu limeshatumika kumlaza mtoto wa mtu upande wa chini, na hakuna wa kulitoa huko isipokuwa mimi.

Mama yetu, asante. Asante kwa hospitali inayofikika, kwa soko lililobaki karibu na watu wake, na kwa wote wanaotembea mjini leo bila kujua kwamba uliwahi kuwafikiria. Asante kwa kutukemea bila kututukana. Kastaafu kwa heshima uliyoivujia jasho. Ule kwa wakati, ucheke na mzee, ulee wajukuu, na mvua ikianza kupiga bati, ulale fofofo mpaka kuche.

Nawe unayesoma, ukitaka kunipata, usipige simu ya ofisi wala ya mkononi. Dada yangu ana saluni nyuma ya stendi, mlango wa bluu. Mwambie umekuja kuulizia bei ya kusuka, hata kama una upara; atakuelewa, na ataniita. Usiache maandishi yoyote. Ukikuta saluni imefungwa, usije nyumbani, utamtisha mama. Njoo moja kwa moja ukumbini Jumatano saa tatu asubuhi. Nitakuwa mstari wa mbele, upande wa kushoto, karibu na kipaza sauti; tazama yule anayetetemeka. Kiti cha pembeni yangu nitakiwekea begi. Ukifika, liweke chini, ukae.